Mwezi wa Kwanza wa Mche

Bibi zetu wa Usukuma hawakuwa na bustani. Mboga walikuwa nazo, tena za kila namna, lakini tuta lililopimwa kwa kamba, lenye uzio wa miiba na kopo la kumwagilia pembeni, hilo limekuja juzi tu. Nalisema mapema kwa sababu kila ninaposikia vijana wa hapa mjini wakibishana kama ni heri mtu asie mbegu mwenyewe au anunue miche iliyokwisha kuota kwenye trei, naona wanadhani ubishi huo umeanza na trei. Ubishi ni mkongwe. Hapa Mwanza una historia yake, na historia hiyo sikufundishwa chuoni Ukiriguru nilipokuwa nasomea kazi ya bibi shamba. Nimeiokota kwa wakwe, kwa majirani na kwenye vitalu vya watu, miaka yote niliyozunguka na daftari la serikali kwapani.

Tuanze na mboga zenyewe. Mgagani uliota palipolala ng'ombe. Familia ikihamisha boma, mvua za vuli zikianza mwezi wa kumi, pale penye samadi ya zamani mgagani ulijaa bila kupandwa na mtu. Mlenda ulifuata vijia na majalala. Kunde zilipandwa katikati ya mtama, zikachumwa majani kwanza, punje baadaye. Maboga yalitambaa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeng'oa mche wa mgagani hapa akaupandikiza pale, na aliyejaribu alijionea: mgagani una mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja, na ukiukata, mmea unadumaa au unakufa. Kunde nazo haziachani na hulka hiyo.

Mbegu iliwekwa kwa mpango. Mmea mmoja au miwili ulioonekana kuwa na majani mapana uliachwa bila kuchumwa mpaka vitumba vikauke, ukapukutwa juu ya ungo, mbegu zikachanganywa na majivu na kutiwa kwenye kibuyu kidogo au kufungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa juu ya mafiga. Majivu na moshi viliwafukuza wadudu. Kule kungoja nako kulikuwa na kazi yake. Mbegu ya mgagani iliyotoka kuvunwa haioti, hata uibembeleze vipi. Inahitaji kulala miezi kadhaa ndipo iamke. Mlenda una ganda gumu linalokataa maji mpaka liunguzwe kidogo kwa maji ya moto. Wataalamu wameyaandika hayo kwa lugha yao. Kibuyu cha juu ya mafiga kilikuwa kimekwisha kuyatenda.

Na kiangazi je? Kuanzia Juni hadi Septemba hapa mvua ni ya kubahatisha, na hakuna mwanamke aliyefikiria kupanda mlima wa mawe na mtungi wa maji ya ziwa kichwani ili akanyweshe majani. Majani ya kunde yalikuwa yamekwisha kuchemshwa na kuanikwa, yakawa nsansa, yakafungwa pamoja na michembe ya viazi. Nsansa ndiyo iliyokuwa bustani ya kiangazi. Anayetaka kujua kwa nini kilimo cha kumwagilia mboga nyumbani kilichelewa Usukumani asitafute uvivu wala ujinga, atazame nsansa.

Isitoshe, kuhamisha mmea halikuwa jambo geni kwao. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, muhogo kwa pingili. Mpunga, uliofika na watu wa pwani katika karne ya 19 na baadaye ukaenea kwenye majaruba ya mbugani, husiwa kwanza pahali padogo penye maji ya uhakika, kisha ukang'olewa na kuchomekwa mmoja mmoja kwenye tope. Mwanamke aliyepandikiza mpunga siku nzima mgongo umepinda hakuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kitalu. Alichokosa ni mboga ya kumlazimu awe nacho.

Mboga hiyo ilikuwa kabichi.

Speke alilitazama ziwa kutoka vilima vya hapa Agosti 1858, akaondoka. Stanley alifika Kageye mwaka 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake, akalizunguka ziwa, akaenda zake. Wapita njia hawalimi kabichi. Wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe walitua Kageye mwishoni mwa 1878 wakielekea Buganda, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, kusini mwa mahali ulipo mji leo. Hao walikuja kukaa, na mapadre wa shirika hilo popote walipokaa walichimba kisima, wakajenga kanisa, wakatengeneza bustani ya jikoni.

Sasa angalieni tabia ya kabichi. Inatoka nchi za baridi, na haitoi ua mpaka ipigwe na baridi ya wiki kadhaa. Mwanza tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, mita kama 1,140 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu wa baridi kuliko wote hauwezi kuidanganya kabichi kwamba ni majira ya baridi ya Ulaya. Inafunga kichwa, inapasuka, inaoza, mbegu haitoi. Kwa hiyo kila kabichi iliyowahi kuliwa mjini hapa, kuanzia ya mapadre hadi ile uliyokula juzi na ugali, imetokana na mbegu iliyoletwa kutoka mbali. Siku za misheni mbegu hiyo ilipanda meli, ikashuka pwani, ikabebwa kichwani na wapagazi kupitia Tabora. Ikifika ikiwa hai ilikuwa bahati. Nani angethubutu kuitupa ovyo shambani, iliwe na kuku au isombwe na mvua moja ya radi? Ilipewa kitanda chake: eneo dogo, udongo uliochekechwa, kivuli cha nyasi juu ya vichanja, mtu wa kulinda. Kitalu cha mboga hapa kwetu kilizaliwa na uchache wa mbegu. Jambo hilo lina uzito kwa yote yatakayofuata, kwa sababu tangu siku hiyo mboga ziligawanyika makundi mawili: zile ambazo mbegu yake ilikuwa mali ya nyumba, na zile ambazo mbegu yake ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Wajerumani waliifanya Mwanza kuwa kituo chao mwaka 1892, na hamu yao kubwa ilikuwa pamba. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti Amani, kule Usambara, iliyojaribu na kugawa mimea ya kila namna katika koloni. Hizo zilikuwa habari za mashamba makubwa. Mboga haikumshughulisha mkubwa yeyote mpaka ilipofika mezani kwake. Waingereza wakauchukua mji mwaka 1916, reli kutoka Tabora ikafika 1928, na pamoja na reli wakaongezeka maofisa, makarani na wafanyabiashara wa Kihindi, kila mmoja na mboga aliyoizoea kwao. Bilinganya, bamia, pilipili, giligilani, karoti, saladi. Juu ya Isamilo, Bwiru na Capri Point, ambako nyumba zilikaa katikati ya miamba, kila nyumba ilikuwa na bustani na kila bustani ilikuwa na mtumishi wake.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao, Isamilo, katika nyumba ya ofisa fulani. Alinieleza mwenyewe uzeeni, nikiwa nimemletea mbegu za Idara ya Kilimo naye akicheka kwamba serikali siku hizi inagawa kile alichokuwa anafungiwa kabatini. Mbegu za bwana zilikaa kwenye kopo la bati, kopo ndani ya kabati, ufunguo kwa bibi mwenye nyumba. Zilihesabiwa. Lakini kitalu chochote kilichosiwa vizuri huota kwa kubanana, na lazima kipunguzwe. Miche ya ziada hung'olewa na kutupwa ili inayobaki ipate nafasi. Miche hiyo haikuhesabiwa na mtu. Mzee aliifunga kwenye jani bichi la mgomba, akalilowesha, akatembea nayo jioni hadi kwake Mabatini, akaichomeka kabla giza halijaingia. Hivyo ndivyo kabichi ilivyoingia kwenye familia niliyoolewa. Mbegu ilikuwa chini ya kufuli, mche haukuwa na mwenyewe.

Naamini nyumba nyingi za mji huu zina kisa kinachofanana na hicho, ingawa wenye kukisimulia wanakwisha. Hata sasa, mtu wa Mwanza akikuomba kitu cha bustani, mara nyingi atakuomba miche kabla ya mbegu, na atategemea apewe bure.

Ya kilimo cha amri sitayaeleza kwa kirefu, kwa kuwa mboga hazikuguswa nayo sana. Kituo cha Ukiriguru, kusini mwa mji, kilianza katika miaka ya 1930 kikajulikana kwa pamba na muhogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma, na amri zake za kulima kwa matuta, kupanda muhogo wa njaa na kupunguza mifugo. Watu waliuchukia, na hasira hiyo ilikuwa mojawapo ya kuni za siasa, hadi serikali ya kikoloni ikaipiga TANU marufuku hapa Kanda ya Ziwa kuanzia 1954 mpaka 1958. Bwana shamba wa wakati ule aliogopwa kama polisi wa kodi. Mboga, kwa kuwa zilikuwa mambo ya wanawake, hazikuandikiwa amri. Zikapona.

Kuna watu wa ziwa hili ambao hawakuhitaji amri ya mtu, nao ni Wakara. Mwaka 1936 maofisa wawili wa kilimo, Thornton na Rounce, walichapisha maelezo ya kilimo cha kisiwa cha Ukara, na mpaka leo yanasomwa. Kisiwa kidogo, watu wamejaa, ardhi ya kichanga. Wakara waliwafungia ng'ombe ndani ya nyumba, wakakusanya samadi yote, wakapanda mimea ya jamii ya marejea kati ya uwele ili iozeshwe ardhini, wakaotesha majani ya mifugo kwenye mashimo kando ya maji. Ninawataja kwa sababu moja ya kikazi: nimeona vitalu vingi kando ya ziwa hili, na udongo wa kitalu ulionivutia kuliko wote ulikuwa wa mama mmoja wa huko. Mweusi, mlaini, hauna hata kokoto, umechekechwa kwa kapu la dagaa. Samadi yake alikuwa ameilaza msimu mzima. Huku mjini watu wanaweka samadi mbichi, miche inaungua, halafu wanalaumu mbegu.

Tukirudi Mwanza, kufikia miaka ya 1950 bustani za kumwagilia kwa ndoo zilikuwa zimeshika ufuko wa ziwa na bonde la mto Mirongo. Hapo ndipo desturi moja ilipokomaa ambayo ningependa vijana waifahamu: shamba la mboga chini majini, kitalu juu nyumbani. Sababu zilikuwa za akili tupu. Mwezi wa kwanza mche unataka kuangaliwa asubuhi na jioni, na mwanamke mwenye watoto hawezi kushinda ufukoni. Eneo lenyewe ni la ukubwa wa mkeka. Ndoo moja kwa siku inatosha maelfu ya miche, wakati mbegu hizo hizo zikitawanywa shambani zingemeza ndoo zisizo na hesabu kabla hazijatoa jani la pili. Tena ziwa lenyewe haliaminiki. Mvua kubwa za 1961 hadi 1964 zilipandisha maji kwa zaidi ya mita mbili, na matuta yote ya ukingoni yakawa malisho ya samaki. Mama mkwe alikumbuka wanawake wakihamisha nyanya zinazochanua, na udongo wake, kwenye mabeseni. Waliokuwa na kitalu nyumbani walianza upya mwezi huo huo, mahali pa juu zaidi. Waliosia moja kwa moja ufukoni walianza kutafuta mbegu.

Mimi kitalu nilikijua shuleni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967, na kwa mtoto wa shule ya msingi maana yake ilikuwa jembe, kidumu cha maji na kupangiwa zamu. Tulisia kwa mistari kwa kutumia uzi, tukafunika kwa nyasi kavu, na mwalimu alikuwa anainua nyasi kila asubuhi kutazama. Siku mbegu zinapochomoza ndiyo siku ya kuondoa nyasi. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa myeupe na legelege kama tambi, haifai tena. Kufikia utu uzima nimewaona wataalamu wenye stashahada wakikosea hapo.

Kilichoingiza bustani kwenye nyumba za watu wa kawaida, kwa maoni yangu, ni redio. Mwaka 1973 ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, nayo ilipangwa kwa vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, mahindi yanaagizwa nje, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona inahimiza kila penye udongo palimwe, hata mjini. Watu walisikiliza, wakajadili, wakaamua kuchimba bustani. Halafu wakauliza swali ambalo redio haikuwa na jibu lake: mbegu ziko wapi?

Kampuni ya umma ya mbegu, TANSEED, iliundwa 1973, na shughuli zake kubwa zilikuwa za mahindi na mazao ya shambani. Mbegu nyingi za mboga zilikuwa zimezoea kutoka Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya hapo tulipigana na Idi Amin. Maduka yalikuwa na rafu tupu za kutisha. Aliyekuwa anatafuta sabuni na sukari hakuwa na nafasi ya kuulizia pakiti ya karoti. Mimi nilianza kazi katika kipindi hicho, mafunzo kichwani na mikono mitupu.

Ndipo wanawake wa Mwanza walipoirudia mbegu. Kabichi ilitoweka kwenye bustani nyingi, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Chainizi na figili zilibaki, kwani hizo huchanua na kufunga mbegu hata kwenye joto letu. Mchicha uliachwa mmea mmoja ukakua hadi shingoni mwa mtu, ukapukutwa, ukatosha mtaa. Mnafu ulikamuliwa matunda yake meusi na kuoshwa. Ngogwe ziliachwa hadi ziwe nyekundu. Na nyanya ndiyo iliyofanyiwa ufundi hasa. Unachagua tunda la kishada cha pili au cha tatu, kwenye mmea usio na doa, unaliacha hadi liive na kulainika. Unalikamua kwenye kikombe cha bati, utelezi na mbegu pamoja, unafunika kitambaa, unaweka kivulini siku mbili au tatu mpaka povu jeupe litande na harufu ianze kukufukuza. Ule utelezi ndio unaozuia mbegu isiote ndani ya tunda, ukichacha, unaachia. Unaongeza maji: mapepe yanaelea, mbegu nzima zinazama. Unaosha, unaanika kwenye kipande cha gazeti, zikikauka unakunja gazeti na mbegu zake na kulitia kwenye kibiriti kilichokwisha njiti. Vibiriti vya namna hiyo nimevikuta juu ya kenchi za nyumba za Nyakato na Igoma vimeandikwa kwa makaa jina la aliyetoa.

Zilikuwa Money Maker na Marglobe, nyanya zinazojichavusha zenyewe, kwa hiyo mtoto alifanana na mama mwaka baada ya mwaka. Ubora ulipungua polepole kwa magonjwa yanayohama na mbegu, lakini zilizaa. Wanaosimulia miaka ile kama miaka ya njaa ya kila kitu wana haki yao. Kwenye mbegu za mboga nasema ilikuwa miaka ya ujuzi, na ninachosikitikia ni kwamba sisi wa Idara tulipopata tena pakiti za dukani tuliwaambia akina mama wavitupe vibiriti.

Biashara ilipofunguliwa, pakiti zikarudi kwa wingi, na baadaye zikaja chotara. Nyanya chotara ina sifa zake za kweli: inazaa sana, inastahimili magonjwa kadhaa, ganda lake linavumilia safari ya lori. Mbegu zake ukizihifadhi, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake. Bei yake ni ya kuuma, na pakiti ina mbegu mia kadhaa, hata elfu. Mama mwenye nafasi ya miche ishirini nyuma ya nyumba, Buhongwa au Mkolani, afanye nini na mbegu elfu moja? Alifanya alichofanya kila mtu: alinunua na majirani wakachanga, mmoja mwenye mkono mzuri akasia zote, wakagawana miche. Kisha yule mwenye mkono mzuri akaanza kuuza iliyobaki. Wengi wa wenye vitalu vya biashara ninaowafahamu hapa mjini walianzia hapo hasa, kwenye pakiti iliyozidi mahitaji ya nyumba moja.

Vifaa vilitoka kwingine. Viriba vya nailoni niliviona kwanza kwenye miti, enzi za mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986, vikundi vya wanawake vikiotesha miche ya kupanda kwenye ardhi iliyochakaa. Baada ya msimu mmoja ndani ya viriba hivyo hivyo mlikuwa na mipapai na pilipili. Trei za plastiki na udongo wa makumbi ya nazi ni za juzi. Zimeondoa kero mbili kubwa. Kwanza kinyausi, ule ugonjwa wa udongo unaobana shina la mche pale linapogusana na ardhi ukaanguka usiku mmoja. Udongo wa makumbi, ukiwa safi, hauna vimelea vyake. Pili mshtuko: mche wa kitalu cha ardhini unang'olewa na nusu ya mizizi inabaki, unasinyaa siku tatu hadi nne, wa trei unatoka na donge lake zima, kesho yake umesimama. Halafu mwaka 2014 kantangaze akaingia nchini, yule nondo ambaye kiwavi wake anachimba majani ya nyanya na kuyaacha kama yamechomwa moto, na kitalu cha neti kikawa karibu lazima. Mama wa ndoo moja hana neti.

Ufuko nao ulikuwa unafungwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Haikupita miaka miwili maji yakashuka sana, 2006 ardhi mpya nyeusi ikajitokeza, na watu, sheria au bila sheria, wakapanda. Mwezi Mei 2020 ziwa likapanda kupita hata kiwango cha 1964 na kuichukua ardhi yake yote. Bustani zimepanda milimani kwenye magunia na ndoo zilizotobolewa, kwa maji ya bomba yanayolipiwa. Mahali pa kitalu nyumbani pamekuwa pa gunia la sukuma wiki, na mwezi wa kwanza wa mche umehamia kwa muuzaji.

Silalamikii hilo. Nyanya, hoho, kabichi na bilinganya nanunua miche, sina ugomvi na trei. Ninagombana na wanunuzi. Wanapenda mche mrefu, na wakiukuta una ua wanaona wamepata faida, kumbe mche uliochanua ndani ya trei umezeeka, mizizi imejisokota, utazaa vitunda vitatu na kuchoka. Chukua mfupi, shina nene kama penseli, majani manne au matano, rangi iliyokoza. Uliza umeachwa juani bila kivuli kwa wiki ya mwisho au umetolewa nyavuni leo asubuhi. Uliza jina la mbegu. Hapo ndipo wengi wao wananitazama na kusema, "Ni chotara, Bibi," na mazungumzo yanaishia hapo. Pakiti ina jina, namba na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003. Mche ukishatoka kwenye trei umeachana na karatasi zake zote.

Kunde, mgagani, mchicha, bamia na karoti nasia mwenyewe palepale zitakapokulia. Karoti ukiihamisha inaota miguu miwili. Siku hizi naona trei za mchicha barabarani, na watu wananunua mche mmoja mmoja wa mmea ambao mbegu zake, zikichanganywa na mchanga zisidondoke kwa fungu, gao moja linatosha tuta zima. Hiyo naiita anasa.

Kijana mwenye kitalu karibu na kituo chetu cha daladala alinisimamisha mwezi uliopita. "Shikamoo Bibi. Wateja wananisumbua, wanataka ngogwe zile za zamani, chungu, ndogo. Dukani sizipati." Nikamwambia marahaba, na kwamba ngogwe hizo ninazo ukutani kwangu tangu mama mkwe yupo hai. Nikampa matunda matatu mekundu na kumweleza ayakamue vipi. Wiki hii amezipanga mbele ya kibanda, trei mbili, amezipa na jina: Ngogwe ya Bibi. Nikamuuliza bei. Akasema kwangu ni bure, mradi nimpelekee na mbegu za mnafu.

Za mnafu bado nafikiria.